Taa Zinawaka, Kompresa Imelala: Kisa cha Tangi la Maziwa Upande wa Molo

Tangi lilikuwa na lita 1,400 za maziwa ya jioni. Saa moja na robo asubuhi karani wa mapokezi alichota kidogo, akayapima kwa spiriti, yakaganda papo hapo, ishara kwamba yameharibika. Kipimajoto kilisoma nyuzi 17. Lori la kiwanda liligeuza bila kupakia kitu. Kwa shilingi 45 kila lita, wafugaji wa kituo kile kidogo walipoteza shilingi 63,000 kwa usiku mmoja, na mwenyekiti wao alinipigia simu kabla sijamaliza chai. Alinitafuta mimi kwa sababu kidhibiti kilichofungwa ukutani, kile cha kubadilisha stima na jenereta, nilikitengeneza mimi, na programu yake niliiandika mwenyewe.

Nilipanda matatu ya Njoro na Elburgon nikiwa tayari kukuta waya umeungua. Sikukuta. Jenereta ilikuwa imewaka kila ilipohitajika. Kontakta zote mbili, yaani swichi kubwa za sumaku zinazounganisha na kukata umeme, zilikuwa nzima. Kompresa, pampu ya gesi inayopoza tangi, tulipoijaribu ilinguruma kama kawaida yake. Na soja, mzee mwenye umri wa baba yangu, alisimama mlangoni akirudia neno lile lile: "Fundi, mimi sikulala. Taa ziliwaka karibu usiku kucha."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu.

(Mtu wa mbali atauliza: Molo si baridi? Si maziwa yangepoa yenyewe? Tangi la kupozea limevikwa koti nene la kuzuia joto lisipite. Koti hilo halichagui upande. Maziwa yaliyoingia yakiwa vuguvugu hulindwa dhidi ya baridi ya nje vizuri kabisa.)

Vilivyokuwa ukutani

Stima ya fezi tatu inaingia kwa kontakta moja, nitaiita KS. Jenereta inaingia kwa nyingine, KJ. Zote mbili zinalisha laini moja ya ndani: tangi, pampu, taa. Katikati yao kuna kufuli la chuma linalozuia zote mbili kufunga, yaani kupitisha umeme, kwa pamoja, kwa sababu zikifunga pamoja jenereta ya kijijini inagongana na gridi ya nchi nzima, na fundi aliye juu ya nguzo akidhani waya umekufa anaweza kufa yeye.

Kidhibiti chenyewe ni chipu ya ATmega328P, ile iliyo kwenye Arduino Uno, bodi ndogo za kujifunzia elektroniki: megahezi 16, kilobaiti 2 za RAM. Kinakula betri ya volti 12, kwa hiyo hakizimiki stima ikipotea. Programu yangu ilikuwa hivi. Stima ikipotea, ngoja sekunde 10 kuhakikisha. Achia KS, piga stata sekunde 5. Jenereta ikikataa, pumzisha stata sekunde 10 na ujaribu tena, hadi mara tatu. Ikiwaka, ipashe moto sekunde 30, kisha funga KJ. Stima ikirudi na kutulia sekunde 60, achia KJ, ngoja sekunde 2, funga KS, acha jenereta izunguke bila mzigo sekunde 120 ipoe, uizime. Kila "ngoja" niliiandika kwa amri ya kusubiri, ile inayofundishwa siku ya kwanza.

Kompresa ina kisanduku chake, kimenunuliwa dukani. Ndani yake mna taima ndogo yenye kazi moja: umeme ukirudi, zuia kompresa isiwake mpaka dakika 5 zipite, maana kuiwasha kabla presha ya gesi haijasawazika kunaitesa mota. Ni kanuni nzuri. Sikuigusa, na kusema kweli sikuiwazia.

Nilifungua kumbukumbu za kidhibiti nikilinganisha na daftari la soja, na hapo nikapoteza karibu saa nzima kwa upuuzi wangu. Chipu inaandika saa kwa mtindo wa 24. Mzee ameandika "8.10 stima imepotea", bila kutaja usiku wala jioni. Nikatazama 20:10, na bahati mbaya saa hiyo stima ilikuwa imepotea kweli, nikajenga hadithi nzima juu yake. Mzee alikuwa na maana ya saa nane na dakika kumi usiku, yaani 02:10. Mimi niliyekulia katika Kiswahili hicho hicho! Tulikuwa tukisema neno moja, saa, kila mtu na yake. Baadaye niliona kwamba visanduku viwili vya ukutani vilikuwa vimefanya jambo lile lile.

Kuanzia 20:10 hadi 04:50 stima ilipotea na kurudi mara 61. Ilirudi kwa dakika nne hivi, ikapotea nne na zaidi, ikarudi. Kila iliporudi na kutulia dakika moja, kidhibiti changu kilihamisha mzigo, na uhamisho huo ulikata laini ya ndani kwa sekunde 2. Kila ilipopotea, laini ilikatika kwa karibu dakika nzima mpaka jenereta ipokee. Kwa taa, hiyo ni kupepesa. Kwa taima ya kompresa, kila mkato, hata wa sekunde 2, ulikuwa mwanzo mpya wa dakika 5. Usiku ule laini haikukaa dakika 5 mfululizo bila kukatwa ila mara chache tu. Umeme ulikuwepo karibu wakati wote, na kompresa ilikuwa inapumzishwa karibu wakati wote.

Na kwa nini sikuliona karakanani kwangu Nakuru? Kwa sababu nilijaribu mfumo nikiwa na balbu mbili za wati 60 badala ya tangi. Balbu haihitaji kupumzika. Nilijaribu kile kile ambacho soja alikitazama usiku ule.

Jedwali la visanduku vitupu

Mwaka 1985 David Harel na Amir Pnueli walitenga aina ya mifumo wakaiita, kwa Kiswahili changu, mifumo ya kuitikia. Programu ya kupiga hesabu ya malipo ya wafugaji hupewa takwimu, hukokotoa, hutoa jibu na kumaliza. Mfumo wa kuitikia haumalizi. Ni kama mwenyeji anayepigiwa hodi mchana na usiku. Ubora wake si jibu la mwisho bali kwamba kila hodi inaitikiwa, kwa namna inayofaa, kabla mgeni hajaondoka. Ukiutazama hivyo, amri yangu ya kusubiri sekunde 120 ilikuwa ni mwenyeji kujiziba masikio kwa dakika mbili.

Kwa hiyo niliacha kurekebisha programu, nikachukua karatasi. Kifaa cha kwanza kilikuwa cha zamani: mashine ya hali zenye ukomo, yaani mfumo ambao wakati wowote uko katika hali moja kati ya chache zinazojulikana, na tukio ndilo linaloihamisha, aliyoielezea George Mealy mwaka 1955 kwa namna moja na Edward Moore mwaka 1956 kwa nyingine. Kwa Mealy, matokeo hutegemea hali na tukio lililoingia wakati ule. Kwa Moore, matokeo hukaa juu ya hali peke yake. Nilimchagua Moore bila kusita: sitaki kontakta iruke kwa sababu sensa imepepesa mara moja, nataka mfumo uwe umehama hali kwanza.

Hali zikawa saba: STIMA, HAKIKISHA, WASHA, PASHA, JENERETA, RUDISHA, POZA. Matukio matano: stima imepotea, stima imerudi, muda umetimia, injini imeshika, injini imezima. Saba mara tano ni visanduku 35. Nikapitia programu yangu ya zamani nikijaza kila kisanduku kwa kile ambacho ingefanya. Nilijaza 14. Ishirini na moja vilibaki vitupu. Baadhi ni halali, kwa mfano injini haiwezi kushika ikiwa haijapigwa stata. Vingine vilinifanya niinuke kwenye kiti. Mstari wa POZA, safu ya "stima imepotea": hakuna kitu. Jenereta inazunguka, imepata moto, iko tayari kubeba mzigo, tangi halina umeme, na kidhibiti kinangoja dakika mbili ziishe ili kiizime, kisha kianze kuiwasha upya. Kumbukumbu zilionyesha hilo lilitokea usiku ule zaidi ya mara moja. Jibu sahihi ni la sekunde 2: rudi JENERETA.

Lakini hilo lingeokoa dakika chache tu. Halikuwa ndilo lililogandisha maziwa kwenye kijiko cha karani.

"Kwa pamoja" maana yake nini

Kosa kubwa halikuwemo ndani ya mashine yoyote moja. Kidhibiti kilifuata kanuni zake. Taima ilifuata yake. Ubaya ulizaliwa walipokutana, na jedwali la mashine moja haliwezi kuonyesha mkutano. Nikachora ya kompresa pia: hali nne, IMEZIMA, INAPUMZIKA, TAYARI, KAZINI. Ukizizidisha unapata jozi 28, na hapo ndipo watu hukata tamaa ya mashine za hali. Harel alipendekeza mwaka 1987 michoro inayoruhusu mashine kukaa sambamba na hali kukaa ndani ya hali nyingine, ili usichore zote 28. Michoro yake ni mizuri, lakini inaacha swali moja wazi, na watu walilijibu kwa njia nyingi zisizopatana: mashine moja ikitoa tukio, ya pili inaliona papo hapo, au zamu inayofuata?

Ukidhani ni swali la wasomi tu, jaribu kulijibu kwa kontakta. "KS imeachia" na "KJ imefunga": je, ni pamoja?

Kule Ufaransa, katika miaka ya 1980, kundi la watafiti lilijibu kwa ukali. Katika lugha zao, Esterel ya Gérard Berry na wenzake, Lustre ya Paul Caspi na Nicolas Halbwachs, na Signal, mfumo huenda kwa mpigo mmoja. Katika kila pigo mashine zote huona matukio yale yale, hujibu, na jibu huhesabiwa kuwa halijachukua muda wowote. Kutokana na Lustre kulizaliwa SCADE, iliyotumika kuandika programu za kuongoza ndege za Airbus. Dhana ya muda sifuri inasikika kama uongo, ila ina sharti linalopimika: jibu liwe limekwisha kabla ya pigo lijalo. Nilipima. Mzunguko mmoja wa programu mpya ulichukua chini ya milisekunde 2, nami nikaweka pigo kila milisekunde 10. Kwa chipu, sharti limetimia.

Kwa chuma, halijatimia. Kontakta ina sumaku na springi. Kuachia kwake huchukua makumi ya milisekunde, yaani mapigo kadhaa, na mawimbi ya umeme wa hezi 50 yenyewe huchukua milisekunde 20 kwa moja. Nikiandika "achia KS, funga KJ" katika pigo moja, kwenye karatasi ni sahihi na ukutani ni moto. Kwa hiyo muda wa kati ya kuachia na kufunga hauwezi kubaki dhana. Lazima uwe hali yenye jina. Niliongeza hali ya nane, WAZI, ambapo zote mbili zimeachia na mguso wa pembeni wa kontakta, swichi ndogo inayofuata mwendo wake, umethibitisha hivyo. Hapa nilijisaidia na nyavu alizoziwasilisha Carl Adam Petri mwaka 1962. Weka kete moja tu kwenye mchoro: iko KS, au WAZI, au KJ. Hakuna mpito, yaani kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine, unaozaa kete ya pili. Basi KS na KJ haziwezi kuwa pamoja, na uthibitisho umeisha kwa mstari mmoja. Kufuli la chuma nililiacha mahali pake. Kete haijui habari ya kontakta iliyoungana meno kwa joto.

Mtu mmoja niliyemwonyesha michoro aliniuliza mbona situmii mitandao ya Gilles Kahn ya mwaka 1974, ambayo michakato yake hupelekeana data kwa foleni na matokeo yake hayabadiliki hata kasi ikibadilika. Ni modeli safi sana kwa sauti na picha. Lakini mchakato wa Kahn hauruhusiwi kuchungulia foleni uone kama ni tupu. Husoma, na kama hamna kitu, hungoja. Kazi yangu yote ni kuitikia kitu *kisichokuja*: stima haijarudi, injini haijashika. Anayengoja bila kuhesabu hawezi kupokea hodi isiyopigwa.

Kilichobaki kilikuwa saa zenyewe. Rajeev Alur na David Dill, katika makala yao ya 1994, waliipa mashine ya hali saa zinazokwenda mfululizo, ambazo kila mpito unaweza kuzisoma au kuzirudisha sifuri. Thamani za saa hazihesabiki kwa wingi, lakini walithibitisha kwamba zinaweza kukusanywa katika maeneo yenye ukomo, kwa hiyo kompyuta inaweza kuyapitia yote. Chombo kinachofanya hivyo, UPPAAL, kilijengwa na vyuo vikuu vya Uppsala, Uswidi, na Aalborg, Denmaki, kuanzia 1995. Niliingiza kidhibiti, kompresa na taima yake, na mashine ya nne: stima, iliyoruhusiwa kuja na kuondoka wakati wowote inaotaka. Hiyo ya nne ndiyo yenye thamani. Mimi hujaribu kwa adabu, stima haina adabu.

Swali la kwanza, je KS na KJ zinaweza kuwa pamoja? Hapana. Swali la pili, je kompresa itawaka kila mara ndani ya dakika 10 ikiwa maziwa yana joto? Chombo kikajibu hapana, kikanipa mfano wa kukanusha, hatua kwa hatua. Nikausoma kama mtu anayesoma daftari la soja: stima inarudi, inatulia sekunde 61, mzigo unahama, saa ya taima inarudi sifuri, stima inapotea, jenereta inapokea, saa inarudi sifuri. Mwishoni mshale unarudi mwanzo. Kila mashine inatembea, hakuna iliyokwama, na kompresa haiwaki milele.

Nilifanya mabadiliko mawili. Taima ya dukani niliiondoa, mapumziko ya dakika 5 yakaingia ndani ya kidhibiti chenye betri, yakihesabiwa tangu kompresa iliposimama, si tangu umeme uliporudi. Saa ikawa moja. Pili, stima itulie dakika 10 kabla ya kurudishiwa mzigo. Nilidhani nimemaliza.

Kompresa sasa iliwaka ndani ya dakika 10, lakini nilipouliza itafanya kazi kwa muda gani, chombo kilinipa usiku mwingine mbaya. Mzigo unahamia stima, kompresa inapumzika sekunde 300, inawaka, na sekunde 1 baadaye stima inapotea. Inapumzika tena 300. Wakati huo stima imesharudi tangu sekunde ya 11 baada ya kupotea, jenereta ikiwa bado inapigwa stata, kwa hiyo dakika 10 za utulivu zinakwisha kompresa ikiwa imefanya kazi sekunde 311 tu, na mzigo unahama tena. Piga hesabu: sekunde 312 za kazi katika kila 912. Theluthi moja. Maziwa yanayohitaji saa tatu kufika nyuzi 4 yangehitaji tisa.

Hili sikulimaliza kwa programu. Nilikwenda kwenye kikao cha kamati nikiwa na karatasi moja, nikawaambia: mnaweza kukaa kwenye jenereta hata stima ikiwepo, mkalipa dizeli, au kuhamia stima mapema, mkahatarisha maziwa. Mwenyekiti alitaka dizeli ipunguzwe. Mama mweka hazina, ambaye ng'ombe wake wawili walikuwa na maziwa ndani ya tangi usiku ule, aliuliza lita 1,400 zinanunua dizeli kiasi gani, na mjadala ukaisha haraka. Waliamua: maziwa yakiwa juu ya nyuzi 10, jenereta ikishika mzigo haiuachi. Chini ya hapo, dakika 10 za utulivu. Niliandika kanuni hiyo kama sharti kwenye mpito mmoja, nikauliza maswali yote upya, na safari hii chombo hakikunipa usiku mbaya.

Programu mpya haina amri ya kusubiri hata moja. Kuna jedwali na pigo la milisekunde 10. Jambo moja dogo ambalo modeli haikuniambia: saa ya Alur na Dill haijai, ya chipu inajaa. Kihesabu chake cha biti 32 cha milisekunde hurudi sifuri baada ya siku 49 na saa 17. Ukitoa thamani ya zamani kutoka ya sasa, hesabu hubaki sahihi hata wakati huo. Ukilinganisha "sasa" na "mwisho" moja kwa moja, utaamshwa tena na simu ya mwenyekiti kabla miezi miwili haijaisha.

Jedwali jipya limebandikwa ndani ya mlango wa kisanduku, limejazwa lote kwa kalamu isipokuwa mahali pamoja: hali ya JENERETA, injini imezima kwa kuishiwa dizeli, stima haipo. Hapo kidhibiti kinapiga honi tu, na soja ameandika pembeni kwa penseli namba ya mwenye pikipiki wa kuleta dizeli. Namba hiyo ameiandikia saa za kupatikana: "kuanzia 11 alfajiri".